Dawa ya Saratani ya Watoto: Ilivyopatikana, na kwa Nini Usichelewe

Sogea karibu na redio. Kama una mtoto mgongoni au mapajani, mazungumzo ya leo yanamhusu yeye.

Tuseme leo asubuhi ulikuwa ukimwosha mtoto wako uso. Ana miaka sita. Ukaona shavu moja limevimba kuliko lingine. Ukamwambia afungue mdomo, ukakuta meno mawili yanalegea, na si meno yaliyofikia wakati wa kung'oka. Mtoto halii. Hasemi anaumwa. Utafanya nini?

Wengi wetu tutasema ni jino bovu. Tutamsukutulisha maji ya chumvi, tusubiri. Jirani atatuletea majani ya kukanda. Juma litapita, shavu litazidi. Tutamwita mtu wa kung'oa jino. Juma la pili litapita, jicho litaanza kusukumwa nje. Hapo ndipo tutatafuta nauli ya hospitali.

Mama, uvimbe wa namna hiyo unaweza kuwa jino kweli. Lakini unaweza pia kuwa saratani ya watoto iitwayo limfoma ya Burkitt. Saratani hii ni miongoni mwa zile zinazokua kwa kasi kuliko zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: saratani hiyo hiyo inayokua kwa kasi ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa vizuri sana. Mtoto akifikishwa mapema, anaweza kupona kabisa, akarudi shuleni, akakua, akaoa au kuolewa.

Basi leo nataka tuzungumze juu ya dawa hizo. Zilitoka wapi? Nani alizitafuta? Kwa nini ni kali? Na mtafiti akikuomba ruhusa ya kumweka mtoto wako katika utafiti, umjibu nini? Ukiyajua haya, hutaiogopa dawa, wala hutaiacha njiani.

DAKTARI WA MULAGO

Tuanze hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt aliitwa wodini kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Hakuelewa ni ugonjwa gani. Majuma machache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, aliona mtoto wa kike mwenye uvimbe kama ule usoni, na tumboni pia alikuwa na uvimbe. Hapo akajiambia, huu si ugonjwa wa mtoto mmoja.

Alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akakuta watoto wengi waliokuwa na dalili hizo. Mwaka 1958 aliandika habari zao katika jarida la madaktari. Kisha mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma kumi, wakizunguka hospitali za mashariki na kusini mwa Afrika, wakiuliza: je, ugonjwa huu mnauona? Waligundua kwamba ugonjwa huo ulionekana zaidi penye joto na mvua, yaani pale penye malaria nyingi. Kwenye milima yenye baridi, haukuonekana sana. Ndiyo sababu hata leo hapa Kenya watoto wengi wanaougua ugonjwa huu hutoka sehemu za Ziwa Victoria na Pwani.

Mwaka 1964 watafiti watatu mjini London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotumwa kwa ndege kutoka Kampala. Kirusi hicho leo kinaitwa Epstein-Barr. Karibu sisi sote tumewahi kukipata tangu utotoni, na kwa wengi hakileti madhara makubwa. Lakini mtoto aliyepata kirusi hicho na ambaye hushikwa na malaria mara kwa mara, kinga yake hulegea, na hatari ya saratani hii huongezeka.

Kwa hiyo mama, sikiliza: saratani hii haiambukizi. Mtoto mgonjwa anaweza kucheza na wenzake na kula nao. Si laana, wala si jicho la mtu. Na chandarua unachomfunikia mtoto usiku kinamkinga na malaria, na kwa njia hiyo kinasaidia hata hapa.

Dakta Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini kisu hakikumsaidia. Alikata uvimbe, ukarudi. Kampala wakati ule haikuwa na mashine za kutibu kwa miale. Kilichobaki ni dawa. Alianza kuwapa watoto wale dawa mpya zilizokuwa zikijaribiwa ng'ambo, na jijini Nairobi pia madaktari walifanya hivyo. Baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka katika siku chache, na wengine walipona kabisa baada ya kupewa dawa mara chache tu. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mafunzo yaliyotokana na watoto wa Afrika Mashariki yalisaidia watoto wa dunia nzima.

VIDONGE VYA KLINIKI

Sasa tuulize, dawa zenyewe zilitoka wapi?

Ulipokuwa mjamzito na kwenda kliniki, ulipewa vidonge vya kuongeza damu. Ndani yake mlikuwa na madini ya chuma na vitamini inayoitwa asidi ya foliki. Vitamini hiyo husaidia seli mpya kuumbwa. Mtoto tumboni anakua haraka, kwa hiyo anaihitaji sana.

Katika miaka ya 1940 huko Boston, Marekani, daktari aitwaye Sidney Farber alikuwa akiwaona watoto wenye saratani ya damu wakifa, na hakuwa na la kufanya. Wakati huo mtoto akipatikana na saratani ya damu, alikuwa na majuma au miezi michache tu ya kuishi. Farber na wenzake walijaribu kuwapa dawa za jamii ya foliki. Badala ya kupata nafuu, ugonjwa ukaonekana kuongeza kasi. Ilikuwa kama kuweka mbolea kwenye magugu.

Mtu mwingine angekata tamaa. Farber alijiuliza: ikiwa foliki inalisha ugonjwa, je, tukiuzuia ugonjwa usiipate? Mwanakemia mzaliwa wa India, Yellapragada Subbarow, na wenzake walikuwa wametengeneza dawa inayofanana na foliki kwa sura lakini isiyofanya kazi yake. Seli huipokea ikidhani ni chakula, kumbe si chakula. Ni kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli lakini hauzunguki, na ukishakwama humo, ufunguo wa kweli haupati nafasi.

Dawa hiyo iliitwa aminopterini. Mwaka 1948 Farber aliandika kwamba kati ya watoto 16 waliopewa, 10 walipata nafuu. Ulikuwa ni nafuu wa muda. Ugonjwa ulirudi. Lakini kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba dawa inaweza kuirudisha nyuma saratani ya damu. Ndugu ya dawa hiyo, methotrekseti, ndiyo iliyotumiwa na watoto wa Kampala, na hadi leo inatumika katika hospitali zetu. Mwaka 1956 dawa hiyo hiyo ilimponya mama mwenye saratani inayotokana na kondo la nyuma.

Hapa pana funzo kubwa kwa mlezi. Ikiwa mtoto wako anatibiwa kwa methotrekseti, usimpe vidonge vya foliki, wala vitamini za dukani, wala dawa ya kuongeza damu, kabla ya kumuuliza daktari. Nia yako ni njema, unataka apate nguvu. Lakini unaweza kuwa unailisha ile saratani ambayo dawa inajaribu kuinyima chakula. Wakati mwingine daktari mwenyewe ataagiza dawa ya jamii ya foliki saa fulani baada ya dripu, ili kuziokoa seli nzuri. Hilo hupimwa kwa saa na kwa kiasi. Mwachie yeye.

UA LA MBELE YA NYUMBA

Dawa ya pili inatoka kwenye ua ambalo pengine umelipanda mbele ya nyumba yako. Ni ua dogo la rangi ya waridi au jeupe, lenye petali tano, ambalo huchanua karibu mwaka mzima hata penye jua kali. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska.

Huko Jamaika watu walikuwa wakichemsha majani yake na kuyanywa kama dawa ya kisukari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 majani hayo yalifikishwa kwa mtafiti wa chuo kikuu kimoja nchini Kanada, Robert Noble. Yeye alitaka kujua kama kweli yanashusha sukari. Aliwapa panya. Sukari haikushuka kama alivyotarajia. Lakini aliona kitu kingine: panya waliodungwa sindano ya maji ya majani yale walipungukiwa na chembe nyeupe za damu. Akafikiri, saratani ya damu ni chembe nyeupe kuzidi kupita kiasi. Je, kilicho ndani ya jani hili kinaweza kuzipunguza?

Yeye na mwanakemia Charles Beer walitumia miaka kadhaa kukitafuta kitu hicho ndani ya majani, wakakipata mwaka 1958. Baadaye watafiti wa Marekani walipata dawa ya pili katika ua hilo hilo, vinkristini, ambayo iliruhusiwa kutumika mwaka 1963. Vinkristini leo ni moja ya nguzo za kutibu saratani ya damu ya watoto na limfoma ya Burkitt.

Najua sasa kuna anayefikiri: kama dawa iko kwenye ua langu, si nitayachemsha mwenyewe? Hapana, mama. Usifanye hivyo. Majani yale yana vitu vingi ndani yake, na ni sumu. Inahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya vinkristini. Kikombe cha majani uliyochemsha hakina dawa ya kutosha kuponya saratani, ila kina sumu ya kutosha kumdhuru mtoto. Kazi ya mtafiti ni kutoa kitu kimoja kati ya vingi, kukisafisha, kukipima, na kujua kiasi kinachoponya na kiasi kinachoua. Tofauti ya viasi hivyo viwili ni ndogo sana.

Dawa ya tatu, siklofosfamaidi, ukoo wake unatokana na gesi ya sumu iliyotumiwa vitani. Madaktari waliona kwamba gesi ile iliharibu chembe nyeupe za damu. Wakachukua sumu ile, wakaibadilisha hatua kwa hatua hadi ikawa dawa. Wahenga walisema, dawa ya moto ni moto.

KWA NINI DAWA NI NYINGI

Utaona mtoto akipewa dawa tatu au nne kwa pamoja, nawe utajiuliza kwa nini wanamjaza madawa. Jibu unalo tayari, ukikumbuka ugonjwa wa kifua kikuu. Mgonjwa wa TB hapewi dawa moja. Akipewa moja, vijidudu huizoea na ugonjwa hurudi ukiwa sugu. Katika miaka ya 1960 madaktari wa saratani ya damu walichukua somo hilo hilo la TB. Dawa moja ilikuwa ikileta nafuu wa muda tu. Wakaunganisha dawa nne kwa mpigo, na hapo watoto wakaanza kupona wasirudiwe na ugonjwa.

Moja ya dawa hizo nne ilitengenezwa na maabara alimofanya kazi mwanamke, Gertrude Elion. Babu yake alikufa kwa saratani yeye akiwa na miaka 15, akaamua kusomea kemia. Alipomaliza chuo, maabara nyingi zilikataa kumwajiri kwa sababu alikuwa mwanamke. Alifundisha shule ya upili kwa muda. Hatimaye alipata kazi ya utafiti wa dawa, na mwaka 1953 dawa yake ya saratani ya damu ikaruhusiwa kutumika. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobeli. Kama una binti anayependa hesabu na sayansi, usimwambie hiyo ni kazi ya wavulana.

MTAFITI WA DAWA HUFANYA NINI

Watu wengi wakisikia kwamba fulani ni mtafiti wa dawa chuo kikuu, hawajui anashinda akifanya nini. Ngoja nikueleze.

Kwanza, anachukua kitu anachodhani kinaweza kuwa dawa, kiwe kimetoka kwenye mmea au kimetengenezwa maabara. Anakijaribu kwenye seli za saratani zilizofugwa ndani ya chupa. Pia anakijaribu kwenye seli nzima, maana dawa inayoua kila kitu haina faida. Vingi vinaanguka hapo.

Pili, kilichobaki kinajaribiwa kwa wanyama, ili ijulikane kinafika wapi mwilini, kinatoka kwa njia gani, na kinadhuru ini au figo kiasi gani.

Tatu, kinakuja kwa binadamu, na huku kuna hatua. Hatua ya kwanza ni watu wachache, kutafuta kiasi kilicho salama. Hatua ya pili ni wagonjwa wengi kidogo, kuona kama uvimbe unapungua. Hatua ya tatu ni wagonjwa mamia au maelfu, ambapo dawa mpya inalinganishwa na ile ya zamani. Kwa kawaida watoto hufikiwa baada ya watu wazima.

Safari hii yote huweza kuchukua miaka kumi au zaidi. Na kati ya dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, yapata tisa huanguka njiani. Kwa hiyo ukisikia mtu sokoni au kwenye simu akisema amegundua dawa ya saratani zote, na anaiuza kwa chupa, muulize: ilijaribiwa wapi? Kwa wagonjwa wangapi? Nani aliikagua? Hapa Kenya, Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo inayotoa ruhusa ya majaribio ya dawa na kusajili dawa za kuuzwa. Asiyeweza kujibu maswali hayo anataka pesa zako, na mbaya zaidi, anakula siku za mtoto wako.

MTAFITI AKIJA KWAKO

Huenda ukiwa wodini, mtu akaja na karatasi, akakuomba mtoto wako aingie katika utafiti. Usikimbie, wala usitie sahihi upesi upesi. Kuuliza si ujinga. Muulize maswali haya:

Utafiti huu unatafuta nini? Mtoto wangu atafanyiwa nini ambacho hangefanyiwa kama si utafiti? Damu kiasi gani itatolewa, na mara ngapi? Kuna hatari gani? Nikikataa, mtoto wangu ataendelea kutibiwa kama kawaida? Nikikubali leo na kesho nikabadili nia, naweza kumtoa? Gharama italipwa na nani? Kamati gani ya maadili imeukubali utafiti huu, na nikiwa na malalamiko nimpigie nani?

Una haki ya kujibiwa kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kwenda na karatasi nyumbani, ukashauriana na baba watoto au na mama mkwe. Ukikataa, matibabu ya mtoto hayapaswi kuguswa. Na mtoto mwenyewe akiwa mkubwa wa kuelewa, naye aelezwe na aulizwe. Lakini pia kumbuka watoto wale wa Mulago. Kama wazazi wao wangewaficha nyumbani, leo mtoto wako hangekuwa na dawa.

DAWA NI KALI, LAKINI INA MWISHO

Dawa za saratani, ambazo wengi huziita kemo, huzishambulia seli zinazokua haraka. Saratani inakua haraka. Lakini nywele pia zinakua haraka. Ngozi ya ndani ya mdomo na utumbo nayo inakua haraka. Damu nayo hutengenezwa kila siku. Ndiyo maana nywele hunyonyoka, vidonda hutoka mdomoni, mtoto hutapika na damu hupungua. Ukiyaona hayo, usiseme dawa inamuua mtoto. Nywele huota tena matibabu yakiisha. Vidonda hupona. Na muuguzi ana dawa za kuzuia kutapika, mwombe.

Lakini lipo jambo moja la kuogopa. Chembe nyeupe zikishuka, mtoto hana askari wa kumlinda. Mtoto aliye kwenye kemo akipata homa, hata kama ni saa nane za usiku, hiyo ni dharura. Usimpe dawa ya kutuliza homa ukalala ukisema ni malaria, tutaona kesho. Mpeleke hospitali usiku huo huo, na uwaambie mlangoni: mtoto huyu yuko kwenye kemo.

Na wewe mlezi jikinge. Kwa siku mbili tatu baada ya dripu, mkojo, kinyesi na matapishi ya mtoto vina mabaki ya dawa. Vaa glavu, nawa mikono kwa sabuni, na nguo zake zifuliwe kando. Kama wewe ni mjamzito, mwombe mtu mwingine afanye kazi hiyo.

USIACHE NJIANI

Mama, hapa ndipo moyo wangu unauma. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri, zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati, wanaopona ni chini ya 30. Dawa kuu nyingi ni zile zile, na nyingi ni za zamani. Mbona tofauti kubwa hivyo? Kwingine dawa hukosekana au bei humshinda mzazi. Lakini pia kwetu mtoto huletwa akiwa amechelewa, au ugonjwa hudhaniwa ni mwingine, au matibabu huachwa katikati.

Na yanaachwa lini? Mara nyingi yanaachwa wakati mtoto amepata nafuu. Uvimbe wa shavu umeisha kabisa baada ya dripu ya kwanza au ya pili. Mtoto anacheza. Nyumbani kuna watoto wengine, shamba linasubiri, nauli imekwisha, na mzee wa boma anasema, huyu amepona, rudini. Kwa macho amepona. Lakini seli chache zimebaki zimejificha, na zikiachwa zitarudi, na safari hii zikiwa zimeizoea dawa. Huwezi kuacha kung'oa magugu kwa sababu tu kutoka barabarani shamba linaonekana safi.

Kwa hiyo kabla hamjaanza, uliza: matibabu yatachukua muda gani? Limfoma ya Burkitt kwa kawaida ni miezi michache. Saratani ya damu ni miaka miwili au zaidi, ingawa sehemu kubwa ni vidonge vya nyumbani. Ukiujua muda, utapanga. Mwambie mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini hali yako ya nauli bila aibu. Jiandikishe na SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, na uandikishe watoto wote, usingoje mtu augue. Pigia simu jamaa wa chama chenu mapema. Na ukiona umeshindwa kweli kurudi tarehe uliyopewa, piga simu wodini ueleze. Usinyamaze.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mpeleke mtoto kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya: uvimbe unaokua taya, shingo, tumbo au popote, meno kulegea bila sababu, jicho linalotokeza nje, au weupe unaong'aa ndani ya mboni, homa isiyoisha hata baada ya kutibiwa, kupauka, kutokwa damu au alama za kuvilia damu bila kuumia, maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku, kuumwa kichwa na kutapika kila asubuhi, miguu kulegea ghafla.

Mengi ya haya hayatakuwa saratani. Lakini ukitibiwa mara moja, ukatibiwa mara ya pili, na hali haibadiliki, omba barua ya kwenda hospitali kubwa. Watoto wenye saratani hutibiwa katika hospitali kama Kenyatta jijini Nairobi, Moi mjini Eldoret na Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Uvimbe haujulikani kwa macho. Mara nyingi lazima kipande kidogo kitolewe kikapimwe, basi daktari akikiagiza kipimo hicho usikikatae. Kwa kawaida kukata kipande cha kupima hakuifanyi saratani isambae.

Wahenga wetu walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Watu walihangaika Kampala, Boston, Kanada na kwingineko ili dawa hii ipatikane. Wengine walianza na majani kwenye bahasha, wengine na vitamini iliyoshindwa. Kazi yao wameifanya. Iliyobaki ni yako na yangu: kuangalia shavu la mtoto asubuhi, na kutosubiri.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Hapa kwetu, mtoto akivimba taya watu husema ni nini? Humpeleka wapi kwanza?
2. Mtoto akionekana amepona baada ya dripu mbili, tutamwambia nini mzee anayetaka arudi nyumbani?
3. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mama aliyelazwa na mtoto mjini huku wengine wamebaki nyumbani?
4. Ni maswali gani utamuuliza mtu anayeuza dawa ya saratani sokoni?

Mwambie na jirani ambaye hana redio.